Fahamu Namna ya Kurekebisha Kivinjari Chaguomsingi katika Kompyuta Mpakato Ndogo

Kata ya Issuna, katika Wilaya ya Ikungi mkoani Singida, ipo kando ya barabara kuu ya lami itokayo Manyoni kuelekea Singida mjini. Ni eneo la wakulima wa alizeti, mtama na uwele, na la wafugaji. Kwa miaka mingi mwananchi wa huko aliyehitaji fomu ya Serikali alilazimika kupanda gari hadi makao makuu ya wilaya au ya mkoa. Leo sehemu kubwa ya fomu hizo hujazwa kwa njia ya mtandao: maombi ya mkopo wa elimu ya juu, maombi ya ajira katika utumishi wa umma, usajili wa wazabuni, uhakiki wa vyeti vya kuzaliwa na usajili wa biashara.

Mabadiliko hayo yamepunguza safari, lakini yameleta kikwazo kipya. Mwombaji anaweza kuwa na sifa zote, vyeti vyote na bando la kutosha, kisha akakwama kwa sababu kompyuta aliyonayo inafungua kiungo katika programu isiyofaa. Kiungo kilichotumwa kwa barua pepe hufunguka katika kivinjari cha zamani, ukurasa huonekana nusu, kitufe cha kuwasilisha hakionekani, na saa ya mwisho ya kupokea maombi inakaribia. Wengi hudhani mfumo wa Serikali ndio haufanyi kazi, ilhali mara nyingi tatizo lipo katika mpangilio wa kompyuta yenyewe na linaweza kuondolewa ndani ya dakika chache.

Makala haya yanaeleza tatizo hilo, chanzo chake na hatua za kulitatua, hususan kwa watumiaji wa kompyuta mpakato ndogo zijulikanazo kama netibuku.

Netibuku na kivinjari chaguomsingi

Netibuku ni kompyuta mpakato nyepesi na ya bei nafuu, iliyotengenezwa hasa kwa ajili ya kutumia intaneti na kuandika. Aina iliyozipatia umaarufu, Asus Eee PC, iliingia sokoni mwishoni mwa mwaka 2007 ikiwa na kioo cha inchi 7. Zilizofuata nyingi zilikuwa na kioo cha inchi 10 chenye nukta 1024 kwa 600, kichakataji cha Intel Atom na kumbukumbu ya kazi ya gigabaiti 1 au 2. Utengenezaji wake ulififia baada ya vishikwambi na simu janja kuenea, lakini mashine hizo hudumu, hupita mkono hadi mkono, na bado zinaweza kukutwa katika ofisi ndogo, shule, vikundi vya wajasiriamali na maduka ya steshenari.

Kivinjari ni programu inayomwezesha mtumiaji kufungua tovuti. Miongoni mwa vinavyojulikana zaidi ni Chrome, Firefox, Edge na Opera. Kompyuta moja inaweza kuwa na vivinjari viwili au vitatu, lakini kimoja tu ndicho huitwa chaguomsingi. Hicho ndicho kinachofunguka chenyewe pale mtumiaji anapobofya kiungo kilicho ndani ya barua pepe, waraka au programu nyingine.

Suala la nani huchagua kivinjari hicho limewahi kufikishwa mbele ya vyombo vya sheria vya mataifa makubwa. Mwaka 1998 Serikali ya Marekani iliifungulia shauri kampuni ya Microsoft, na jambo mojawapo lililobishaniwa lilikuwa kuunganishwa kwa kivinjari cha Internet Explorer na mfumo endeshi wa Windows. Mwaka 2009 Kamisheni ya Ulaya ilipokea ahadi ya kampuni hiyo ya kuwaonesha watumiaji wa Ulaya orodha ya vivinjari ili wachague wenyewe, na mwaka 2013 iliitoza faini ya euro milioni 561 kwa kutotimiza ahadi hiyo katika baadhi ya matoleo. Funzo kwa mtumiaji wa kawaida ni kwamba kivinjari kilichokuja na kompyuta si lazima kiwe ndicho kinachomfaa, na ana haki ya kukibadilisha.

Kwanza, tatizo litambuliwe

Kabla ya kubadilisha chochote, mtumiaji atofautishe hali tatu ambazo mara nyingi huchanganywa.

Hali ya kwanza ni kiungo kufunguka katika kivinjari kisichokusudiwa. Hili ni tatizo la uchaguzi wa kivinjari, na hurekebishwa katika mipangilio.

Hali ya pili ni ukurasa kukataa kufunguka kabisa, au kutokea onyo kwamba muunganisho si salama. Hili huweza kusababishwa na saa ya kompyuta iliyopotoka, kivinjari kilichopitwa na wakati, au mtandao wenyewe.

Hali ya tatu ni ukurasa kufunguka lakini ukawa na kasoro: vitufe havionekani, orodha hazishuki, faili halipakiki au hati ya malipo haitokei. Hili hutokana na kioo kidogo, madirisha ibukizi yaliyozuiwa, viendelezi visivyohitajika au kivinjari cha zamani.

Jaribio rahisi la kutenganisha hali hizi ni kunakili anwani ya tovuti, kufungua kivinjari kingine kwa mkono, kisha kuibandika humo. Ukurasa ukifunguka vizuri, mfumo na mtandao havina tatizo. Linalohitajika ni kukifanya kivinjari hicho kuwa chaguomsingi. Usipofunguka katika kivinjari chochote, ajaribu anwani hiyo hiyo kwa simu. Ikifunguka kwa simu kupitia mtandao uleule, basi kasoro ipo ndani ya kompyuta.

Kujua toleo la mfumo endeshi

Hatua za kubadilisha kivinjari hutegemea mfumo endeshi. Katika kompyuta za Windows, mtumiaji abonyeze kwa pamoja kitufe chenye alama ya Windows na herufi R, kisha aandike neno winver na kubonyeza kitufe cha Enter. Dirisha dogo litaonesha toleo.

Taarifa hiyo ina uzito wake. Microsoft ilisitisha msaada wa Windows XP tarehe 8 Aprili, 2014, wa Windows 7 tarehe 14 Januari, 2020, wa Windows 8.1 tarehe 10 Januari, 2023 na wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba, 2025, ingawa kwa Windows 10 kampuni iliweka mpango wa nyongeza wa masasisho ya usalama kwa watumiaji binafsi hadi Oktoba 2026. Kompyuta haizimiki siku msaada unapokoma. Hata hivyo, huacha kupokea marekebisho ya usalama, na watengenezaji wa vivinjari nao huanza kuiacha nyuma.

Kubadilisha kivinjari chaguomsingi

Katika Windows 7, mtumiaji afungue "Control Panel", kisha "Default Programs", kisha sehemu ya kuchagua programu chaguomsingi. Abofye jina la kivinjari anachokitaka na kuamuru kitumike kwa kazi zake zote.

Katika Windows 10, afungue "Settings", kisha "Apps", kisha "Default apps". Chini ya maneno "Web browser" ataona kivinjari kinachotumika kwa sasa. Akibofya, orodha ya vivinjari vilivyopo itafunguka na atachagua kimoja.

Katika Windows 11, njia ni hiyo hiyo hadi "Default apps". Hapo achague jina la kivinjari, kisha abofye kitufe cha "Set default" kilicho juu ya ukurasa. Toleo la awali la Windows 11, lililotoka Oktoba 2021, halikuwa na kitufe hicho, na mtumiaji alilazimika kubadilisha aina moja moja ya faili na kiungo. Kitufe kiliongezwa kwa masasisho ya mwaka 2022. Hivyo asiyekiona ajue kwamba mfumo wake unahitaji kusasishwa.

Katika mifumo ya Linux, ambayo hutumika katika netibuku nyingi za zamani kwa sababu ni myepesi, mpangilio huo hupatikana katika sehemu ya programu chaguomsingi ndani ya mipangilio. Pasipokuwa na sehemu hiyo, mtumiaji afungue dirisha la amri na kuandika xdg-settings get default-web-browser ili kujua kivinjari kinachotumika. Kukibadilisha huandikwa xdg-settings set default-web-browser, na kufuatiwa na jina la faili la kivinjari, kwa mfano firefox-esr.desktop katika mfumo wa Debian.

Baada ya kubadilisha, mtumiaji ajitumie barua pepe yenye kiungo chochote na kukibofya. Jaribio hilo ni bora kuliko kuamini maandishi ya mipangilio pekee.

Mpangilio unapojirudia

Wapo wanaobadilisha kivinjari leo na kesho wakakuta cha zamani kimerejea. Sababu kuu ni nne.

Ya kwanza ni faili za kivinjari kilichochaguliwa kuharibika, au kivinjari hicho kuondolewa nusu. Dawa yake ni kukiondoa kabisa, kuwasha upya kompyuta na kukisakinisha tena.

Ya pili ni programu nyingine iliyosakinishwa kuomba nafasi hiyo. Programu nyingi za bure hutanguliza kisanduku kidogo ambacho tayari kina alama ya kukubali. Mtumiaji asome kila ukurasa wa usakinishaji na kuondoa alama asiyoihitaji.

Ya tatu ni programu hasidi. Dalili zake ni ukurasa wa mwanzo kubadilika bila idhini, matangazo kujaa na utafutaji kupelekwa katika tovuti isiyojulikana. Hapo kubadilisha kivinjari hakutoshi. Viendelezi vyote visivyofahamika viondolewe, programu zilizosakinishwa karibuni zikaguliwe, na kompyuta ichunguzwe kwa programu ya kuzuia virusi iliyosasishwa.

Ya nne ni akaunti ya mtumiaji. Katika Windows, kivinjari chaguomsingi huwekwa kwa kila akaunti peke yake. Kompyuta ya kikundi inayotumiwa na watu watatu wenye akaunti tatu huhitaji kubadilishwa mara tatu. Aidha, katika kompyuta ya ofisi, msimamizi wa mfumo anaweza kuwa ameweka sera inayorejesha kivinjari fulani kila mtumiaji anapoingia. Hilo hutatuliwa na kitengo cha TEHAMA cha taasisi husika.

Njia ya kupima kama kasoro ipo katika akaunti moja ni kufungua akaunti mpya ya majaribio. Kiungo kikifunguka sawasawa humo, mipangilio ya akaunti ya zamani ndiyo yenye hitilafu.

Kivinjari kilichopitwa na wakati

Internet Explorer, kivinjari kilichokuwa chaguomsingi katika Windows kwa miaka mingi, kilistaafishwa tarehe 15 Juni, 2022. Netibuku ambayo bado inafungua viungo kwa kivinjari hicho itapata shida katika tovuti nyingi za sasa, kwa kuwa zimejengwa kwa teknolojia ambayo hakiielewi.

Kwa Windows 7 na 8.1, toleo la mwisho la Chrome ni la 109. Kuanzia toleo la 110, lililotoka Februari 2023, Windows 10 au mfumo mpya zaidi unahitajika. Kwa upande wa Firefox, toleo la 115 la msaada wa muda mrefu ndilo la mwisho kukubali mifumo hiyo ya zamani, na mtengenezaji wake, Mozilla, ameongeza muda wa masasisho yake ya usalama zaidi ya mara moja. Kwa mwenye Windows 7 asiyeweza kubadilisha mfumo kwa sasa, Firefox 115 ndicho chaguo lenye afadhali.

Kuna sababu nyingine ya kuchagua Firefox katika kompyuta za zamani. Kivinjari hiki hubeba orodha yake cha vyeti vya usalama, badala ya kutegemea orodha ya mfumo endeshi ambayo huenda haijasasishwa kwa miaka. Umuhimu wake ulionekana tarehe 30 Septemba, 2021, pale cheti kimoja cha msingi kilichotegemewa na tovuti nyingi duniani kilipofikia ukomo, na vifaa vingi vya zamani vikaanza kuonesha onyo la usalama katika tovuti zisizo na kosa lolote.

Mwenye netibuku ya gigabaiti 1 au 2 anaweza pia kufikiria mfumo mwepesi wa Linux, ambao ni wa bure. Jambo la kuzingatia ni kwamba baadhi ya vichakataji vya mwanzo vya Atom ni vya biti 32, na mifumo mingi imeacha kuvihudumia. Debian 12, iliyotoka Juni 2023, ndiyo ya mwisho katika mfululizo huo kuwa na kisakinishi cha biti 32. Kabla ya kubadilisha mfumo endeshi, nyaraka zote zihifadhiwe kwanza katika flashi, kwani usakinishaji huweza kufuta kila kilichomo.

Saa ya kompyuta

Miongoni mwa hitilafu zinazosumbua watu wengi bila kutambuliwa ni saa na tarehe. Kompyuta iliyokaa muda mrefu bila umeme, na ambayo betri yake ndogo ya ndani imekwisha, hurejea tarehe ya kiwandani. Kivinjari hukagua kama cheti cha usalama cha tovuti kiko ndani ya muda wake. Kompyuta ikiamini kwamba ni mwaka 2010, cheti cha leo huonekana kama hakijaanza kutumika, na ukurasa hukataliwa.

Mtumiaji arekebishe tarehe, mwaka na ukanda wa saa. Katika Windows, ukanda wa Tanzania hupatikana kwa jina la Nairobi, saa tatu mbele ya saa ya kimataifa. Izingatiwe kwamba kompyuta huhesabu siku kuanzia usiku wa manane: saa 2:00 asubuhi kwa Kiswahili ni 08:00 kwenye kompyuta, na saa 5:59 usiku, ambayo hutajwa katika matangazo mengi kuwa mwisho wa kupokea maombi, ni 23:59. Saa ikipotea kila kompyuta inapozimwa, fundi abadilishe betri hiyo ndogo.

Onyo la usalama lisipuuzwe kwa kubofya kitufe cha kuendelea, hasa katika ukurasa unaodai nenosiri au malipo. Kwanza irekebishwe saa, kisha kivinjari. Onyo likibaki baada ya hapo, mtumiaji asiendelee.

Kitufe kisichoonekana

Fomu nyingi za mtandaoni zimeandaliwa kwa vioo vikubwa. Katika kioo chenye kimo cha nukta 600, sehemu ya chini ya dirisha dogo la fomu, ambako ndiko kitufe cha kuwasilisha kilipo, hubaki nje ya upeo. Mwombaji hudhani kitufe hakipo.

Ufumbuzi ni kubonyeza kitufe cha Ctrl pamoja na alama ya kutoa, mara mbili au tatu, hadi ukurasa usinyae na kitufe kionekane. Kitufe cha F11 hufanya ukurasa uchukue kioo chote. Kurejesha ukubwa wa kawaida hubonyezwa Ctrl pamoja na sifuri.

Hati za PDF nazo zina mpangilio wake. Kama kivinjari cha zamani ndicho chaguomsingi cha faili hizo, hati yenye kumbukumbu namba ya malipo inaweza kufunguka tupu. Mtumiaji aipakue, aihifadhi, kisha aifungue kwa programu nyingine. Hati isipotokea kabisa, akague upande wa juu wa kivinjari kama kuna alama inayoonesha kwamba dirisha ibukizi limezuiwa, na aruhusu tovuti hiyo pekee.

Suala hili lina uzito kwa mwombaji wa mkopo wa elimu ya juu. Katika utaratibu wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, fomu iliyojazwa mtandaoni huchapishwa, husainiwa na wahusika wakiwemo viongozi wa serikali ya mtaa au kijiji na kamishna wa viapo, kisha kurasa husika hupakiwa tena katika mfumo. Kijana anayeshindwa kufungua PDF siku ya mwisho hupoteza fursa si kwa kukosa sifa, bali kwa kukosa muda wa kumpata mwenyekiti wa kijiji, kamishna wa viapo na mahali pa kuchapisha.

Kompyuta nzito na bando dogo

Kumbukumbu ya gigabaiti 1 hujaa haraka. Mtumiaji afungue kichupo kimoja au viwili tu, aondoe viendelezi asivyovihitaji, na afunge programu nyingine kabla ya kuanza fomu ndefu. Ctrl, Shift na Delete zikibonyezwa kwa pamoja hufungua dirisha la kufuta akiba ya kivinjari na vidakuzi. Hatua hiyo husaidia pale mfumo unapoonesha ukurasa wa zamani, lakini humtoa mtumiaji katika akaunti zote alizoingia. Hivyo ahakikishe kwanza anayakumbuka maneno yake ya siri.

Kwa anayetumia bando la simu, masasisho ya Windows yanaweza kulimaliza kabla fomu haijakamilika. Katika Windows 10 na 11, muunganisho unaweza kuwekewa alama ya kuwa wa kupimwa, na upakuaji mwingi wa nyuma ya pazia husimama. Kivinjari kipya chenyewe kinaweza kupakuliwa mahali penye mtandao mzuri kama faili kamili la usakinishaji, kikaletwa kwa flashi na kusakinishwa katika kompyuta kadhaa bila kutumia bando tena.

Usalama wa taarifa za mwananchi

Kivinjari kipakuliwe katika tovuti ya mtengenezaji wake pekee. Tovuti zinazojitangaza juu ya matokeo ya utafutaji zinaweza kuchanganya kivinjari halisi na programu hasidi. Vivyo hivyo, tovuti za taasisi za Serikali ya Tanzania hutumia anwani zinazoishia na .go.tz. Anwani inayofanana kwa jina lakini ina mwisho tofauti itiliwe shaka kabla ya kuandikwa humo namba ya kitambulisho cha Taifa au nenosiri.

Katika kompyuta ya pamoja, iwe ya steshenari, ya kikundi au ya rafiki, mtumiaji atumie dirisha la faragha. Dirisha hilo hufunguliwa kwa Ctrl, Shift na N katika Chrome na Edge, na kwa Ctrl, Shift na P katika Firefox. Asikubali kivinjari kihifadhi nenosiri lake, na atoke katika akaunti kabla ya kuondoka. Kumwachia mtu mwingine barua pepe na nenosiri ili "amalizie" maombi ni hatari: mwenye nenosiri anaweza kubadilisha taarifa, kuona majibu kabla ya mhusika au kuomba kwa jina lake. Maombi ya kazi kupitia mfumo wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma hayana ada, hivyo anayedai fedha kwa niaba ya Sekretarieti asiaminiwe.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 humlinda mwananchi dhidi ya matumizi mabaya ya taarifa zake. Ujumbe wa kitapeli unaopokewa kwa simu, pamoja na namba iliyoutuma, unaweza kupelekwa katika namba 15040 iliyotengwa kwa ajili hiyo.

Pale hatua zote zinaposhindikana

Mwombaji asisubiri saa za mwisho. Kompyuta ijaribiwe siku dirisha la maombi linapofunguliwa, ili kasoro ionekane kukiwa na muda wa kuirekebisha. Ikishindikana, fomu nyingi zinaweza kujazwa kwa simu janja, hasa kivinjari cha simu kikiwekwa katika muonekano wa kompyuta.

Anayehitaji msaada aandike mambo manne kabla ya kupiga simu au kufika katika dawati la taasisi husika: toleo la mfumo endeshi, jina na toleo la kivinjari, anwani ya ukurasa uliokwama, na maneno kamili ya kosa lililoonekana. Picha ya kioo iliyopigwa kwa simu hutosha kwa jambo la mwisho, mradi isioneshe nenosiri. Taarifa hizo humwezesha mtoa msaada kutofautisha mara moja kati ya hitilafu ya mfumo na hitilafu ya kompyuta. Maoni na malalamiko kuhusu huduma za taasisi za umma yanaweza pia kuwasilishwa kupitia mfumo wa e-Mrejesho.

Kwa muhtasari, hatua zifuatwe kwa mpangilio huu: kukagua saa na tarehe, kujaribu anwani katika kivinjari kingine, kutambua toleo la mfumo, kusakinisha kivinjari kinachokubaliwa na mfumo huo, kukifanya kuwa chaguomsingi, kupunguza ukubwa wa ukurasa, na kujaribu kiungo kabla ya kuanza kujaza fomu. Kwa mwananchi wa Issuna, ambaye Singida mjini ipo takribani kilometa 60 kutoka alipo, dakika hizo chache zinaweza kumwokolea nauli na siku nzima ya kazi, na kumwezesha kuwasilisha maombi yake kwa wakati.